Mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa meno: kumpokea, kumkagua na kumsafisha kinywa mgonjwa mwenye ulemavu

Mafaili mengi mno ya wagonjwa wenye ulemavu yameandikwa "hatoi ushirikiano". Mwanafunzi anampokea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anamlaza kwenye kiti, anawasha taa na kuingiza kioo. Mtoto anakaza mwili, anabana meno, analia. Basi, faili linafungwa. Mama anaambiwa asubiri nafasi ya kung'olewa meno mtoto akiwa amelazwa usingizi, foleni ambayo inaweza kuchukua miezi, na meno yanaendelea kuoza humo humo.

Kila kundi jipya linaloingia kliniki linakwama mahali palepale, na sababu ni ileile: wanaanza na kinywa. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mgonjwa akiwa bado amefunga mdomo. Nimeupanga mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano na daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, lakini mlezi anayeusoma atapata cha kufanya nyumbani, hasa katika hatua ya 5 na ya 8.

## Vitu vya kuandaa

Karibu vyote vinapatikana dukani au vipo kliniki tayari.

- Miswaki miwili yenye kichwa kidogo na nywele laini. Mmoja wa kusafishia, mwingine wa kuegesha mdomo ubaki wazi.
- Dawa ya meno yenye floraidi, kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni). Namba hiyo huandikwa kwenye boksi au ubavuni mwa tyubu.
- Gozi za kutosha, bakuli, taulo na maji safi.
- Kioo cha meno cha plastiki. Cha chuma ni baridi, na mgonjwa akiking'ata anaweza kuvunja jino.
- Glavu zisizotengenezwa kwa mpira wa asili. Sababu iko hatua ya 4.
- Khanga mbili na mto mdogo, kwa ajili ya mkao.
- Miwani ya jua ya kumkinga mgonjwa na mwanga wa taa.
- Mafuta mazito ya kulainisha midomo. Midomo iliyokauka hupasuka ukiivuta, na mgonjwa akishaumia hapo hatakuamini tena siku hiyo.
- Picha nne au tano kwenye simu yako: mlango wa kliniki, kiti, mswaki, mtu aliyefungua kinywa, mtu anayeondoka akipunga mkono.
- Mashine ya kufyonza mate, kama ipo. Kama haipo, kazi haisimami, utatumia gozi.

## Hatua ya 1: Piga simu kabla ya siku ya miadi

Zungumza na mlezi, au na mgonjwa mwenyewe kama anaweza kuongea kwa simu. Uliza mambo haya: nyumbani wanamwitaje? Ni saa ngapi za siku anakuwa mtulivu zaidi? Anakerwa na nini: kelele, mwanga, kuguswa, harufu? Akikubali jambo anaonyeshaje, na akikataa anaonyeshaje? Akila au akinywa, huwa anapaliwa? Mara ya mwisho kupata kifafa ilikuwa lini?

Mwambie aje na dawa zote anazotumia, chupa zenyewe, pamoja na zile za maji. Mlezi akikutajia "dawa ya kifafa" hujajua kitu. Ukiisoma chupa umejua.

Uliza pia watafikaje. Mtu anayetumia kiti mwendo anaweza kulipa nauli ya watu wawili na bado akakuta ngazi nne mlangoni kwako. Ukishajua, unaweza kumwekea miadi kwenye chumba cha chini au kupanga watu wa kusaidia. Pima mlango wako kwa futi kamba leo, usingoje kugundua kiti hakipiti wakati mgonjwa ameshafika.

Mpe nafasi ya kwanza ya asubuhi. Kijana mwenye usonji aliyekaa saa tatu kwenye benchi lenye kelele ameshamaliza uvumilivu wake wote kabla hujavaa glavu. Mtumie mlezi zile picha kwa simu amwonyeshe jioni kabla ya kulala, kwa mpangilio uleule kila mara.

Umefaulu hapa kama una ukurasa mmoja wa maelezo na tayari unajua namna mgonjwa anavyosema "hapana".

## Hatua ya 2: Tuliza chumba

Zima redio. Weka vyuma mbali na macho. Punguza watu: wanafunzi sita waliozunguka kiti ni darasa kwenu, lakini kwa mgonjwa ni kundi la watu wasiojulikana waliovaa barakoa. Wabaki wawili, na wengine wasimuliwe baadaye.

## Hatua ya 3: Msalimie mgonjwa kabla ya aliyemleta

Hili linaonekana dogo, na ndilo linaloharibika kila siku. Mwanafunzi anamsalimia mama, anamuuliza mama, anamchekea mama, na mgonjwa yuko katikati kama mzigo ulioletwa. Mzee wa miaka 65 aliyepata kiharusi na kupoteza usemi anastahili shikamoo yake, na anastahili kusubiriwa aitikie kwa jicho au kwa mkono. Shuka usawa wa macho yake. Usimshike kichwa mtu mzima aliyeketi kwenye kiti mwendo, na usikisukume kiti chake bila kuomba ruhusa; kiti hicho ni sehemu ya mwili wake.

Kwa kiziwi, vua barakoa wakati wa maelezo ili aone midomo na uso wako, na mtazame yeye hata kama kuna mkalimani wa lugha ya alama. Kubalianeni ishara za kazi mapema, kwa sababu ukishaingiza mikono kinywani huna mkono wa kuongea naye. Asiyeona mwambie jina lako, mwambie nani mwingine yumo chumbani, kisha mpe mswaki na kioo avipapase. Usimguse ghafla kamwe. Mtu mwenye ualbino mpe miwani ya jua kabla ya kuwasha taa, maana mwanga ule unamuumiza macho. Na ukishamaliza salamu tazama midomo yake vizuri. Kidonda cha mdomo kisichopona kwake ni cha kupelekwa kwa mtaalamu haraka, kwa sababu ya hatari ya saratani ya ngozi.

Ridhaa iombwe kwa mgonjwa. Ulemavu wa mwili haumwondolei mtu mzima haki ya kukubali au kukataa tiba. Kwa mtoto, au kwa mtu mzima asiyeweza kuelewa maelezo, mlezi anaridhia, lakini mgonjwa bado anaelezwa kwa maneno mepesi.

## Hatua ya 4: Chukua historia inayoweza kubadilisha mpango wako

Maswali ya kawaida ya fomu unayajua. Haya ndiyo yanayosahaulika.

Mgongo wazi. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wako kwenye hatari kubwa ya mzio wa mpira wa asili, kwa sababu hupasuliwa na kuwekewa mipira ya mkojo tangu wachanga. Glavu za kawaida zinaweza kumletea mtoto hali ya kuhatarisha maisha. Chukulia kwamba ana mzio hata kama haijaandikwa popote.

Sindromu ya Down. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Kabla ya tiba yoyote itakayotoa damu, wasiliana na daktari wake wa moyo ujue kama anahitaji antibiotiki ya kinga. Viungo vya shingo yao vinaweza pia kuwa legevu, hivyo usiwahi kuwakunja shingo kwa nguvu kwenda nyuma. Kinywani usidanganywe na meno yasiyotoboka: ugonjwa wa fizi huwaanza mapema na kwenda kasi.

Kifafa. Fenitoini, dawa ya kifafa, inaweza kukuza fizi hadi zikafunika meno, hasa penye uchafu. Sodiamu valproeti, nayo dawa ya kifafa, inaweza kupunguza chembe za kugandisha damu. Liulizie hilo kabla ya kung'oa. Na dawa nyingi za maji zina sukari. Mtoto anayepewa kijiko cha sharubati ya dawa akiwa ameshasinzia hulala na sukari hiyo usiku kucha. Mwambie mlezi ampe dawa kwanza, kisha ampige mswaki.

Jeraha la uti wa mgongo. Aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, anaweza kupandwa na presha ghafla kwa jambo dogo kama mpira wa mkojo uliojikunja. Dalili ni kichwa kuuma sana, uso kuiva na jasho kutoka juu ya sehemu iliyopooza. Mkalishe wima, legeza mkanda na nguo, nyoosha mpira wa mkojo, pima presha, ita msaada.

Maumivu yasiyosemwa. Mtu asiyeongea hawezi kukwambia jino linauma. Muulize mlezi: ameanza kujipiga shavu? Anakataa chakula alichokuwa akikipenda? Amebadilika usiku? Tabia iliyobadilika ghafla itafutiwe sababu kinywani kabla ya kuitwa ukorofi.

Kwa watoto wadogo, ongeza swali moja kwa upole. Baadhi ya familia zetu bado zinapeleka watoto wenye homa na kuharisha kung'olewa kinachoitwa meno ya plastiki, yaani vijimeno vya chonge vinavyochimbuliwa kwenye ufizi kabla havijaota. Ukikuta chonge hazipo au zimeota zimepinda, uliza bila kufoka. Mama akishafokewa hatarudi, na mtoto wake mwingine atapelekwa kulekule.

## Hatua ya 5: Tafuta mkao kabla ya kutafuta jino

Mkao mbaya ndio unaozalisha nusu ya "ukorofi" wote unaouona. Chukua muda hapa.

Mwenye mtindio wa ubongo. Ukimlaza chali ghafla, mwili wake unapata hisia ya kuanguka na unakakamaa wote. Hajakataa, ni misuli. Kama ana kiti mwendo chake, mwache humo. Kaa nyuma yake, egemeza kichwa chake kwenye kifua au mkono wako. Ukilazimika kutumia kiti cha meno, kilaze polepole huku ukimwambia. Kunja khanga uiweke chini ya magoti ili nyonga na magoti vipinde. Mwili uliopinda nyonga haukakamai kirahisi. Khanga ya pili izibe nafasi ubavuni. Kichwa kikae katikati. Ukikigeuzia upande mmoja, mkono wa upande huo unaweza kunyooka wenyewe na kukupiga, na wala hakukusudia.

Mtoto mdogo. Tumia magoti kwa magoti. Wewe na mama kaeni mkitazamana, magoti yenu yakigusana. Mtoto anakaa mapajani kwa mama akimtazama mama, miguu ikikizunguka kiuno chake. Kisha analazwa taratibu hadi kichwa kitue mapajani kwako. Mama anashika mikono ya mtoto, viwiko vyake vinatuliza miguu. Mtoto anaona uso wa mama muda wote, na wewe unaona kinywa chote kutoka juu. Mkao huu hauhitaji kiti wala umeme, na unafaa kwenye baraza la zahanati sawasawa na hospitalini.

Anayepaliwa. Usimlaze chali hata kidogo. Mkalishe wima, au mlaze ubavu, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Mate yaliyochanganyika na uchafu wa kinywa yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia, na kwa mtu asiyemeza vizuri nimonia hiyo huua. Ndiyo maana kusafisha kinywa chake si urembo.

Kwenye kiti mwendo. Funga breki. Tiba ikirefuka, mruhusu abadilishe mkao mara kwa mara, maana asiyehisi makalio yake hupata kidonda bila kujua.

Umefaulu hapa ukiona mikono yake imelegea na anapumua bila kubana. Ukiona vidole vya miguu vimejikunja na shingo imekaza, rudi nyuma. Usiguse mdomo.

## Hatua ya 6: Sema, onyesha, fanya

Sema kwa sentensi fupi utakachofanya. Onyesha kwenye kidole chako, kisha kwenye kidole chake. Fanya hicho ulichosema, wala usiongeze kingine. Ukisema utahesabu meno matano, hesabu matano na utoe mkono. Hapo ndipo imani inapojengwa, na mwanafunzi anayejiibia jino la sita anaibomoa yote.

Kubalianeni ishara ya kusimama: kuinua mkono, kufumba macho, kupiga paja. Akiitoa, simama papo hapo, hata kama umebakiza kidogo. Wanafunzi huogopa kwamba ishara itatumika ovyo. Atakujaribu mara mbili tatu mwanzoni. Akiona unasimama kweli, ataacha.

Kwa mwenye usonji, anza mbali: mkono, bega, shavu, mdomo, kisha jino. Wengi wao hukerwa na mguso mwepesi na kustahimili wenye uzito kidogo, kwa hiyo weka kiganja kizima shavuni badala ya kumtekenya kwa ncha za vidole. Mnaweza kumaliza siku ya kwanza mkiwa mmefika mdomoni tu. Hiyo ni miadi iliyofanikiwa, na iandikwe hivyo.

## Hatua ya 7: Ingia kinywani kwa njia ya shavu

Usigonge meno ya mbele. Kwa mgonjwa mwenye mtindio wa ubongo, kitu kigumu kikigusa meno ya mbele au fizi zake, taya hujifunga lenyewe kwa nguvu. Paka midomo mafuta. Ingiza kidole kwenye kona ya mdomo, kiteleze kati ya shavu na meno hadi nyuma ya gego la mwisho, kisha bonyeza chini taratibu. Kinywa kitafunguka.

Hapo weka mpini wa mswaki wa pili, uliozungushiwa gozi, kati ya magego ya upande mmoja. Kabla ya hapo hakikisha hakuna jino linalocheza mahali unapouegesha, maana likitoka linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Usitumie kijiti cha mti, kinavunjika vipande. Na vidole vyako visikae kati ya meno ya juu na ya chini hata kwa sekunde.

Aking'ata mswaki, usivute. Ukivuta, taya linakaza zaidi. Tulia, inamisha kichwa chake mbele kidogo, sugua shavu kwa mduara, subiri. Ataachia.

Aliyepata kiharusi, angalia kwanza upande uliopooza. Hisia zimepungua huko, na utakuta ugali wa jana kwenye shavu bila mwenyewe kujua.

Akipata kifafa kinywa kikiwa wazi: toa vifaa vyote, mgeuze ubavu, sogeza vyuma, usiweke kitu chochote mdomoni, tazama saa. Kikizidi dakika 5 ni dharura.

## Hatua ya 8: Safisha, ukitumia mkono wa mlezi

Hapa ndipo penye faida yote ya siku. Wewe utamwona mgonjwa huyu mara chache kwa mwaka. Mama, dada au msaidizi wa nyumbani atamwona kesho asubuhi.

Wanafunzi wengi husafisha wenyewe kwa ustadi, kisha wanatoa maelezo marefu: apige mswaki mara mbili kwa siku, apunguze sukari, arudi baada ya miezi sita. Mlezi anaitikia "sawa dokta" na kuondoka asijue ashike wapi. Geuza utaratibu. Safisha robo moja ya kinywa ukieleza, halafu mpe mswaki.

Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Dokta, nitamuumiza. Fizi zinatoa damu."

"Zinatoa damu kwa sababu ya uchafu uliokaa hapo, mama. Ukizisafisha kwa upole kila siku, baada ya wiki moja au mbili damu itapungua. Nipe mkono wako."

Weka mkono wako juu ya wake. Asimame nyuma ya mgonjwa, kichwa kikiegemea kifuani mwake, mkono mmoja ukishika kidevu. Nywele za mswaki zielekee pale jino linapokutana na ufizi, kwa mshazari, na zizunguke vidogovidogo bila kukandamiza. Fuateni mpangilio mmoja usiobadilika: nje kulia juu, mbele, kushoto; kisha ndani; kisha chini; mwisho sehemu ya kutafunia. Mpangilio ukiwa uleule, mgonjwa anajua umebaki wapi, na hofu inapungua. Meno ya mbele yawe ya mwisho katika kila mzunguko kwa wale wanaosikia vibaya hapo.

Dawa ya meno: kwa mtoto chini ya miaka 3, na kwa mtu yeyote asiyeweza kutema, paka kiasi cha punje ya mchele tu. Kuanzia miaka 3 hadi 6 anayetema, kiasi cha njegere. Anayetema ateme bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Asiyetema afutwe kwa gozi iliyokunjwa kidoleni, ndani ya mashavu na juu ya ulimi. Kwa anayepaliwa, mswaki uwe na unyevu kidogo tu. Povu jingi ni hatari kwake.

Mgonjwa anayeweza kushika mswaki ashike mwenyewe, kisha mlezi amalizie. Mpini mwembamba ukimshinda, unenepeshe: uchomeke ndani ya kipande cha tyubu ya baiskeli, au uzungushie kitambaa na kukifunga kwa mpira. Kwa mwenye vidole visivyokunjika, shona ukanda wa lastiki unaozunguka kiganja. Asichukuliwe kazi anayoiweza kwa sababu tu anaifanya polepole.

Kama dakika mbili mfululizo haziwezekani, gawa: juu asubuhi na chini mchana, lakini usiku kinywa kizima. Bafuni si lazima. Sebuleni kwenye mkeka, mbele ya redio anayoipenda, ni mahali pazuri kabisa pa kupigia mswaki.

Mwisho, mwombe mlezi asafishe robo iliyobaki peke yake, wewe ukiwa umeweka mikono nyuma. Huo ndio mtihani. Akiweza bila kukutazama kila sekunde, umefaulu. Asipoweza, rudieni, tiba nyingine inaweza kungoja, isipokuwa kuna usaha, uvimbe au maumivu.

## Hatua ya 9: Chagua tiba nyepesi inayofaa

Si kila tundu linahitaji mashine. Mbinu ya ART, ya kuondoa uozo laini kwa vyuma vya mkono na kuziba kwa saruji ya glasi-ayonoma inayotoa floraidi, ilianza kutumika hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inawafaa sana wagonjwa hawa: hakuna mlio, hakuna mtetemo, mara nyingi hakuna sindano.

Kwa matundu mengi kwenye kinywa cha mtu asiyevumilia kazi ndefu, ipo SDF, floraidi yenye madini ya fedha ya asilimia 38. Shirika la Afya Duniani liliiingiza pamoja na saruji ya glasi-ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Paka mafuta midomoni, kausha jino kwa gozi, gusa tundu kwa dawa, subiri kama dakika moja. Mara nyingi uozo husimama. Lakini tundu litakuwa jeusi daima, na mlezi lazima aonyeshwe picha na kukubali kabla, wala si baada. Usiitumie kwa mwenye mzio wa fedha, wala kwenye jino ambalo uozo umefika kwenye kiini.

Ukichoma ganzi, mkabidhi mlezi mgonjwa kwa maneno ya wazi: asile hadi ganzi iishe, na atazamwe asitafune mdomo. Asiyehisi wala kuelewa anaweza kuutafuna mdomo wake hadi ukavimba, na nyumbani watadhani ni tiba yako iliyoharibika.

Kumshikilia mgonjwa kwa nguvu ni kwa dharura tu, kwa ridhaa ya mlezi, kwa dakika chache, na iandikwe nani alishika wapi na kwa nini. Mtoto aliyewahi kushikwa na watu wanne hukumbuka harufu ya chumba kile akiwa mtu mzima.

Dawa ya usingizi ina nafasi yake: maumivu au usaha kwa mgonjwa ambaye umejaribu kumzoesha kwa miadi kadhaa bila mafanikio, au meno mengi yanayohitaji kazi kwa pamoja. Ukiomba rufaa hiyo, omba pia kwamba kila kitu kifanyike kwa usingizi mmoja: kung'oa, kuziba, kusafisha ugaga (uchafu uliogandia meno), na vipimo vingine anavyovihitaji. Na mfundishe mlezi kupiga mswaki kabla ya siku hiyo. Kinywa kilichotengenezwa upya na kurudishwa kwenye mazoea yaleyale kitakuwa mezani kwa mpasuaji tena.

## Hatua ya 10: Andika faili litakalomsaidia anayekuja baada yako

Mwanafunzi mwenzako atakayempokea mgonjwa huyu mwakani atakuwa na faili tu. Mwandikie kilichofanya kazi. Kwa mfano:

"Miaka 9, mtindio wa ubongo, anaelewa Kiswahili vizuri, haongei. Ndiyo: anatazama juu. Hapana: anafumba macho. Abaki kwenye kiti chake, khanga chini ya magoti, kichwa katikati. Ingia kona ya kushoto. Anastahimili mswaki dakika 3, kioo sekunde 20. Mlio wa mashine ya kufyonza humshtua, tumia gozi. Mama amesafisha mwenyewe robo mbili. Gego la chini kulia: SDF, mama ameonyeshwa weusi. Glavu zisizo za mpira."

Tia tarehe ya kurudi, na isiwe mbali: wiki 2 hadi 4 kwa anayezoeshwa, miezi 3 kwa mwenye fizi mbovu. Saa iwe ileile, chumba kilekile, na ikiwezekana uwe wewe yuleyule. Baada ya wiki moja mpigie mama umuulize jambo moja tu: ni upande gani wa kinywa unaomshinda? Jibu lake andika juu kabisa ya ukurasa wa miadi ijayo, na hapo ndipo mtakapoanzia.